Njia Ndogo Imezibwa na Bajaji

Jumatano ya Majivu niliamua kuwa mtakatifu. Si wa kuwekewa sanamu na mishumaa, la. Mtakatifu wa kawaida tu, anayeweza kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala bila kumtukana mtu moyoni.

Chakula hakinisumbui. Sheria ya Kanisa inadai ufunge siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na ukifikisha miaka 59 unasamehewa. Mimi nina 57, nahesabu kama mfungwa. Nyama ya Ijumaa nayo naikwepa kwa sato wa kukaanga mwenye ndimu na pilipili, na toba iko wapi hapo, mniambie nyie.

Kinachonishinda ni watu.

Mke wangu, mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa kufa na kuzikana, akanishauri nimfuate Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu na ile njia yake ndogo. Nikafurahi, nikidhani ndogo maana yake ya mkato. Binti huyu aliingia monasteri ya Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, akiwa na miaka 15, akafariki mwaka 1897 akiwa na 24, na leo ni Mwalimu wa Kanisa. Kumbe njia yenyewe ni kuvumilia vikero vidogo kwa upendo, na kisa chake ni hiki: wakati wa sala, nyuma yake alikaa mtawa mwenye kikelele cha kukera kisichokoma. Teresa alitamani kugeuka, amtazame tu, angalau mwenzake ajue. Hakugeuka. Alikaa jasho likimtiririka, akaamua kukisikiliza kile kikelele kana kwamba ni muziki mtamu. Na siku za kufua, mwingine akimrushia maji machafu usoni, hakujifuta.

Basi nami ninaye wa kwangu, ila hakai nyuma yangu kanisani. Tumepakana ukuta. Kila siku saa 11 na nusu alfajiri anatoa bajaji yake, anaisimamisha katikati ya geti langu, anaiwasha, kisha anarudi ndani kunywa chai. Eti injini ipate moto. Nimejaribu kuisikiliza kama muziki, Mungu ni shahidi. Nimelala chali nikatafuta mdundo. Hakuna mdundo pale, kuna debe lenye kokoto, na moshi unaopenya dirishani moja kwa moja hadi kwenye chandarua.

Ningeshamfokea zamani, lakini ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Jumamosi saa 12 asubuhi tunakaa kwenye viti vyake vya plastiki, anatufafanulia Injili ya kumpenda jirani huku macho kanikazia mimi. Akimaliza anafungua daftari la zaka na kusoma kwa sauti majina ya waliochelewa. Herufi ya jina langu iko mwanzoni mwa alfabeti. Papa Fransisko aliandika mwaka 2018 kwamba tuwatazame watakatifu wa mlango wa jirani. Nimetazama sana. Nimeona bajaji.

Nikaona nikaungame. Foleni ya padre mgeni ilifika hadi kwenye groto. Kwa paroko, anayetujua sauti zetu wote, hapakuwa hata na inzi. Sote tuliinamia rozari zetu kwa bidii isiyo ya kawaida, mtu asijeonekana anachagua. Kumbe padre mgeni alikuwa na safari. Akavua stola, akatupungia mkono, na mimi niliyekuwa mbele nikajikuta nimepiga magoti kwa paroko.

"Padre, nimekuwa na hasira na..."

"Bado ile bajaji?"

Nikanyamaza. Malipizi niliyotegemea ni Salamu Maria tatu, tumalizane. Akaniambia nimsalimie jirani yangu kila asubuhi, tena nianze mimi, mpaka Pasaka. Nikauliza kama sita zisingetosha. Akasema nenda kwa amani.

Jumatatu nimechelewa kazini, nimevaa, begi begani, geti nimelifungua na mbele yangu bajaji inatetemeka peke yake kama mgonjwa wa malaria. Nikavuta pumzi. Moshi ukaingia wote. Nikakohoa, nikakaza meno:

"Tumsifu Yesu Kristu!"

Kutoka ndani, kijiko kikigonga kikombe:

"Milele, Amina! Baba Neema, ngoja kwanza, chai bado ya moto."