Kila Mtu na Alipoishia

Mtaani kwetu Kigamboni kuna nakala moja tu ya The Fellowship of the Ring, na maoni juu yake yameshazidi kurasa zake. Jina langu limeandikwa ndani ya jalada, lakini hilo halijamzuia mtu. Niliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, wale wanaotandaza turubai chini na kupanga uhasibu kando ya Biblia na mapenzi kando ya uhasibu. Muuzaji aliniapia kwamba kitabu hicho kinasomwa sana, akanifunulia ushahidi: pembe zilizokunjwa, doa la chai, alama za vidole gumba. Alisema kweli, ila nusu. Uchafu ule uliendelea vizuri mpaka pale hobiti wanapoingia Msitu wa Kale na kukutana na Tom Bombadil, yule mzee wa buti za njano anayeimba hata akiulizwa jambo la maana. Kuanzia hapo karatasi zilikuwa safi, hazijaguswa na mtu. Mwenye kitabu wa kwanza alikwisha kutoa maoni yake bila kuandika hata neno.

Ndipo nilipoanza kushuku kwamba mtu akikupa maoni juu ya kitabu cha kwanza cha trilojia, kitabu chenyewe bado hujaelezwa. Ulichoelezwa ni mahali alipoishia.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliishia mapema kuliko wote. Alitoka Urambo kuja kutafuta kazi mjini, na kazi hiyo anaitafuta kwa utulivu mkubwa akiwa kwenye kochi letu. Sasa, riwaya hii ya J.R.R. Tolkien haianzi na hadithi. Inaanza na utangulizi kuhusu hobiti, watu wafupi wenye miguu ya manyoya wanaopenda kula, na ndani ya utangulizi huo mwandishi, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji kiko, ametenga sehemu nzima kwa ajili ya tumbaku: nani aliilima kwanza, wapi, na takriban mwaka gani. Wasomaji wengi huipita mbiombio. Shemeji yangu kakulia kwenye tumbaku. Aliisoma kwa kalamu mkononi.

"Shemeji," akaniambia jioni, "huyu Tobold Hornblower kalima, sawa. Bani lake liko wapi? Kuni za kukaushia katoa wapi? Nani kampangia madaraja?"

Nikamsihi asonge mbele, kwamba kuna pete, kuna mchawi, kuna safari ya hatari. Akanijibu kwamba mtu aliyeshindwa kutaja bei ya kilo hawezi kuaminiwa kwenye habari za wachawi. Akakirudisha juu ya friji, na huko ndiko mama mkwe alikokiona.

Mama mkwe alikuwa kwetu kwa ajili ya matibabu ya magoti. Usiku ule umeme wa LUKU ulikwisha, televisheni ikafa katikati ya tamthilia, na mpwa wetu wa kidato cha tatu akaamriwa afanye jambo. Akawasha tochi ya simu, akachukua kitabu, akaanza kumsimulia bibi yake kwa Kiswahili, akiruka majina magumu. Walifika kwenye sherehe ya Bilbo Baggins, anayetimiza miaka 111 siku moja na mrithi wake Frodo anayetimiza 33. Waalikwa wa chakula cha ndani ni 144. Mzee anasimama, anahutubia, anawaaga, anavaa pete na kutoweka mbele za watu.

"Kabla ya kushukuriwa?" akauliza mama mkwe.

"Kabla ya kushukuriwa, bibi."

"Huyo hana adabu. Endelea."

Kilichomkamata hasa ni zawadi. Bilbo anapoondoka huwaachia watu vitu vyenye vikaratasi. Jamaa mmoja mwenye tabia ya kuondoka na miavuli ya watu anapewa mwavuli. Mwingine anayeazima vitabu asirudishe anapewa kabati la vitabu, tupu. Lobelia, yule ndugu ambaye Bilbo anamshuku kwa upungufu wa vijiko vyake, anapewa kasha la vijiko vya fedha, na kikaratasi kinasisitiza kuwa hii sasa ni zawadi. Mama mkwe alimtaka mjukuu arudie sehemu hiyo. Kisha akamwambia azime tochi, akabaki gizani akiwaza. Sikuwahi kuona fasihi ikizama ndani ya mtu namna ile.

Asubuhi yake, mimi nikiwa kwenye pantoni kuelekea kazini, jirani yetu wa kushoto alipokea mfuniko wa sufuria kubwa ya pilau. Uliletwa na mtoto, na juu yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa utepe: "Chukua na hiki, mama, maana sufuria unayo." Sufuria ile ilipotea tangu kitchen party ya mwezi wa nne, na mama mkwe hakuwa na shaka yoyote iko kwa nani.

Jirani hakuwa amesoma Tolkien. Alikuja na mfuniko wake, na dada yake, na mashahidi wawili. Mambo yaliyosemwa barazani kwetu siku hiyo hayajapata kuandikwa katika fantasia yoyote, na yaliendelea mpaka mpwa alipoingia chumba cha shemeji kutafuta chaja na kukuta sufuria chini ya kitanda, soksi zimelowekwa ndani. Heshima ikarudishwa, mke wangu akapika pilau, jirani akapelekewa sahani iliyojaa kupindukia, na mama mkwe hadi leo anashikilia kwamba kosa ni la mwandishi, kwa sababu hakueleza kwamba kwanza uchungulie chini ya vitanda vyako.

Mke wangu hasomi vitabu kuanzia mwanzo. Hufungua katikati kuona kama kuna uhai, na alipofungua hiki aliangukia Baraza la Elrond, moja ya sura ndefu kuliko zote humo ndani. Watu wa koo mbalimbali wamekaa. Kabla ya kufikia ajenda, kila mmoja lazima aeleze alikotoka, baba yake alikuwa nani, na njiani yalimsibu nini. Mchawi Gandalf peke yake anachukua kurasa kadhaa kueleza kwa nini alichelewa. Hatimaye linabaki swali moja, nani ataibeba pete kwenda kuiharibu, na ghafla wote waliokuwa na maneno wananyamaza. Mke wangu, ambaye amewahi kuwa katibu wa kamati za harusi kwa zamu zisizo na mwisho, alikitambua kikao hicho mara moja. Frodo, alisema, ni yule mtu mpole wa pembeni anayekubali kuwa mweka hazina kwa sababu ukimya umemshinda. Na Sam, aliyejificha kwenye kona bila mwaliko akaishia kupangiwa kazi, yupo katika kila kamati, ndiye anayebeba viti. Alikisifu kitabu kwa ukweli wake. Hakuendelea, kwa kuwa vikao anavyo vya kutosha.

Mwalimu mstaafu wa jiografia, wa nyumba ya tatu, hakusoma hata sentensi. Alikunjua ramani. Alitazama safu za milima inayoizunguka Mordor, inavyokwenda wima kisha ikakata kona, ikakata tena, akavua miwani. Milima haijengwi hivyo, alisema, milima hukunjwa na nguvu za ardhi na nguvu hizo hazitumii rula. Alikuwa sahihi, na wajuzi wa miamba walikwisha kulalamikia kona zilezile. Nilipomwambia kwamba nchi hiyo ina bwana muovu mwenye uwezo wa kutisha, alisema angekuwa na uwezo huo angeanza na mifereji ya maji.

Mpwa wetu, kwa upande wake, aliangalia filamu ya mwaka 2001 kabla ya kusoma. Alipofika kwa Bombadil, ambaye Peter Jackson alimwacha nje, alikuja kuniambia kuwa kitabu changu ni feki, wamemwongeza mtu.

Nisidanganye kwamba hali hii ni ya Kigamboni tu. Maoni ya kwanza kabisa yaliyomfungulia Tolkien mlango yalitoka kwa mtoto. Mwaka 1936 mchapishaji Stanley Unwin alimpa mwanawe Rayner, mwenye miaka 10, mswada wa The Hobbit, akamlipa shilingi moja kwa ripoti yake. Mtoto alikisifu na kukipendekeza kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 9, kwa dharau ya mtu aliyevuka umri huo. Rayner huyohuyo alipokuwa mkubwa ndani ya kampuni, akaletewa mwendelezo wake, yaani riwaya yetu hii, uliokuwa umekua kupita kiasi, alimwandikia baba yake kwamba hii ni kazi ya kipaji cha pekee lakini huenda wakapoteza pauni 1,000. Baba akamruhusu azipoteze. Ila walijikinga: mwandishi hakulipwa kwanza, alipewa ahadi ya nusu ya faida, ikipatikana.

Kinga ya pili ndiyo iliyotuletea balaa hili lote. Tolkien hakuandika trilojia. Aliandika riwaya moja ndefu ya zaidi ya kurasa 1,000, yenye mafungu sita, na tena alitamani ichapishwe pamoja na The Silmarillion. Karatasi baada ya vita ilikuwa ghali, mchapishaji akaikata vipande vitatu, kila kimoja shilingi 21. Cha kwanza kilitoka tarehe 29 Julai 1954, cha pili Novemba mwaka uleule, na hapo wasomaji wakaachwa na Frodo mikononi mwa adui. Cha tatu kilitoka Oktoba 1955. Karibu mwaka mzima Frodo yuko kifungoni, na sababu ya kuchelewa haikuwa vita wala njaa. Profesa alikuwa anamalizia viambatisho.

Kwa hiyo wakosoaji wakubwa nao walihukumu theluthi. W.H. Auden alikisifu kitabu cha kwanza katika New York Times Oktoba 1954, mwisho wa hadithi akiwa bado hajauona kitabuni. C.S. Lewis alikisifu pia, lakini Lewis namtoa kwenye hesabu: alikuwa rafiki, na alisomewa kazi hiyo ilipokuwa ikiandikwa, huo ni ushahidi wa ndugu. Anayenipa taabu ni Edmund Wilson. Mwaka 1956 aliiponda kazi nzima katika The Nation, akawashangaa watu wazima waliokuwa wakiisifu, lakini alikuwa ameisoma yote, tena kwa sauti, akimsomea binti yake wa miaka 7. Kurasa zile zote, kwa sauti, kwa kitu unachokichukia! Siafikiani naye hata kidogo, lakini namheshimu kuliko mashabiki kadhaa ninaowafahamu.

Tolkien mwenyewe aliwajibu wote katika dibaji ya toleo la pili, kwa upole wenye meno. Alikiri kwamba wapo walioona kitabu kinachosha au hakina maana, akasema hana sababu ya kulalamika kwa kuwa na yeye huviona vivyo hivyo vitabu vyao. Kisha akataja kasoro moja ambayo hata yeye aliikubali: kitabu ni kifupi mno. Nilipomsomea mke wangu hilo, alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi kipande hiki cha kwanza ndicho nikipendacho, na nakipenda kwa mwendo wake wa polepole. Frodo anaachiwa pete, inapita miaka 17 kabla Gandalf hajarudi kumweleza ni pete gani. Akishaelezwa kwamba dunia iko hatarini, hakimbii. Anauza nyumba, tena kwa yuleyule Lobelia wa vijiko, anatafuta mkokoteni, anahamisha fanicha. Hatari ya ulimwengu inangoja watu wamalize kuhamisha vyombo. Waandishi wa siku hizi wangechoma nyumba ukurasa wa tatu ili msomaji asilale. Nadhani wanatuonea.

Aliyekubaliana nami, na ndiye pekee mtaani aliyefika mwisho, ni kijana wa bodaboda wa kijiwe cha kona. Alikichukua kwa ajili ya Wapanda Farasi Weusi, na maoni yake ya mwanzo yalikuwa ya kitaalamu. "Bosi, farasi tisa wametumwa kumfuata mtu mmoja wa kimo cha mtoto. Namba ya nyumba hawana. Wanaulizia njiani. Wakipata nyumba ya wageni, mito inachanwa, mteja hayupo. Hao mimi kijiweni siwapokei." Nikadhani ataishia hapo kama wengine. Lakini alisoma akisubiri abiria, akasoma foleni ya pantoni, akapita kwa Bombadil bila kuonyesha dalili ya kuumwa, akavuka Moria, na usiku mmoja akagonga dirisha langu saa sita akitaka cha pili, sasa hivi, kwa sababu Frodo na Sam wamevuka mto peke yao na hawezi kulala.

Cha pili sina. Nilikwenda Posta, yule muuzaji akaapa tena, akanipa cha tatu. Kijana alikataa kukigusa. Alikigeuzia mgongo kabisa, akakiita jina ambalo silirudii.

Mwalimu wa jiografia ndiye aliyekichukua, akakifungulia nyuma, kwenye viambatisho: orodha za wafalme, kalenda, miti ya koo, jinsi ya kutamka herufi. Tangu hapo hakimtoki mkononi. Kila asubuhi hupanda bodaboda kwenda kivukoni kununua samaki, na kijana humpakia kwa sharti kwamba asiseme kitu, akitaja tu aliyefika kwenye mlima wa kuiharibia pete nauli inakuwa mara mbili. Mwalimu hulikubali sharti hilo bila shida. Mlima hajaufikia, wala hana mpango. Amesimama kwenye kalenda ya hobiti, na maoni yake ni kwamba hiki ndicho kitabu bora kati ya vyote vitatu, kwa kuwa hakuna hadithi ya kukukatiza.