Chini ya Kumi, kwa Kizungu

Waingereza wamehangaika na maneno yao wenyewe, fewer na less, kwa zaidi ya miaka 200. Kanuni ni fupi: vinavyohesabika ni fewer, visivyohesabika ni less. Pauni tano anazihesabu hata mtoto, lakini hapo, eti, sharti useme less. Haya.

Mfalme wao Alfred, katika karne ya 9, aliitumia less kwa vinavyohesabika na kiti chake hakikutikisika. Ndipo mwaka 1770 bwana Robert Baker akaandika kwamba, kwa maoni yake, fewer ingefaa zaidi. Maoni ya bwana mmoja yakawa sheria ya kila mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

Mambo yakafika hadi kwenye foleni za madukani. Kibao cha "10 items or less" kiliwachoma roho wenye lugha yao, hadi mwaka 2008 wenye maduka ya Tesco wakaamua kuandika "Up to 10 items". Yaani ugomvi haukuamuliwa. Neno ndilo lililofukuzwa.

Nawe uliyekatwa alama kwa less, dai alama yako. Wenyewe bado wanabishana.