Nyumba Yangu Ina Zipu

Arusha, kama Dar es Salaam, mwenye nyumba hapangishi chumba. Anapangisha miezi sita. Chumba masta nilichoonyeshwa Sakina kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, bei ya kiungwana kabisa. Zidisha mara sita: 900,000. Ongeza mwezi mmoja wa dalali, ambaye kazi yake ilikuwa kutembea mbele yangu hadi mlangoni: 1,050,000. Hapo sijanunua godoro, ndoo wala balbu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Tanga na ajira mpya ya afisa masoko, na mshahara wa kwanza ulikuwa "unashughulikiwa", neno ambalo mhasibu akilitamka ujue mwezi huu usahau. Wenzetu Kenya aghalabu hulipa mwezi mmoja na dipoziti, wakaingia ndani wakalala. Sisi tunamkopesha mwenye nyumba nusu mwaka, kisha tunamwomba ruhusa ya kupigilia msumari.

Basi nikahamia kempsaiti. Ilikuwa Mei, masika yanamalizia, watalii wachache, na yale malori ya safari ndefu yanayobeba vijana wa Kizungu kutoka Nairobi hadi Victoria Falls na Cape Town yameadimika. Mama mwenye eneo alikuwa na majani mabichi, bafu la maji ya moto, mlinzi, na hana mteja. Mgeni alikuwa akilipa dola 10 kwa usiku. Mimi tulikubaliana shilingi 5,000, hema lake chakavu likiwa humo humo.

Msomaji mwepesi wa hesabu ameshaona. Elfu tano mara siku 30 ni 150,000, kodi ileile ya Sakina, ila huku ukuta ni kitambaa. Ni biashara ya mafuta ya kupimiwa dukani: unajua fika kwamba dumu ni nafuu, lakini hela uliyonayo ni ya kijiko.

Mtu wa Tanga hakuumbiwa kulala mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nililala na suruali mbili, soksi, sweta la kuazima, na kanzu ya Ijumaa juu ya vyote. Usiku nikitoka kwenda chooni mlinzi alinimulika kwa tochi, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo, shehe." Nikaitikia marahaba. Ningemweleza nini saa nane za usiku?

Asubuhi ndipo palipokuwa na kazi. Shati nalipiga pasi ya mkaa jikoni kwa mpishi, sawa, lakini hakuna namna ya kiungwana ya kutoka kwenye hema la watu wawili ukiwa umevaa tai. Unatanguliza kichwa, magoti yanafuata, halafu unarudisha mkono ndani kuvuta kiatu cha pili. Siku moja nilipoinuka na kujipangusa majani, bibi mmoja wa Kijerumani alikuwa amesimama mbele yangu, anauliza gari la Ngorongoro linaondoka saa ngapi. Tai ile ilimwambia mimi ndiye meneja. Nikamjibu saa mbili. Sikuwa na habari yoyote, lakini gari lilikuja saa mbili kamili, na tangu siku hiyo wageni walikuwa wakinipangia foleni.

Tumbili nitawapitia haraka maana bado nina kisirani nao. Walichukua mkate, sabuni na mswaki. Mswaki niliuona kesho yake juu ya mparachichi, mikononi mwa mtoto wao.

Siafu je? Hawa hawana haraka. Wanapanda taratibu, wanaenea mwili mzima, utadhani wanasubiri amri, kisha wanauma wote kwa pamoja. Nilitoka kwenye hema bila kanzu, bila sweta, na bila kuuliza nani yuko nje.

Lakini kilichonitoa jasho kuliko siafu ni barua. Kazini walitaka akaunti ya benki, benki ikataka barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Mtendaji akachukua kalamu.

"Nyumba namba ngapi?"

"Hema la tatu, mheshimiwa. Ukiingia getini, kushoto, chini ya mparachichi."

Akaiweka kalamu chini. "Kijana, wewe ni mtalii?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni afisa masoko."

Mjumbe akaitwa athibitishe. Mzee wa watu alilizunguka hema lote akitafuta pa kubisha, hakupata, akaishia kupiga hodi kwa mdomo mara tatu huku mimi nimesimama kando yake. Nikamkaribisha. Akachungulia, akaona begi, sufuria na tai inaning'inia kwenye kamba. "Kodi unalipa?" Kila jioni, mzee. Akatikisa kichwa, akasema wapo wapangaji wa nyumba za tofali mtaani pale wasioweza kusema hivyo. Barua nikaipata, imeandikwa mimi ni mkazi halali, "makazi ya muda".

Mama yangu sikumdanganya hata neno. Aliuliza kama nimepata nyumba, nikasema nimepata, ina bustani kubwa, mlinzi na maji ya moto. Akashukuru Mungu. Kisha nikafungua nitoke nje kutafuta mtandao. "Mwanangu, mlango gani huo unalia zzzip?"

Juni malori yakarudi. Mama mwenye eneo akaniambia kwa upole kwamba sehemu yangu sasa ni dola 10, mwenyeji au mgeni. Bahati nzuri mshahara ulikuwa umeshughulikiwa, wa miezi miwili kwa mpigo, nikakopa kidogo kazini, nikalipa miezi yangu sita na dalali wake.

Nawe yakikufika, fanya Mei. Omba hema la mbali na mparachichi, mimina majivu kulizunguka, na mama akipiga simu, toka nje kwanza ndipo upokee.