Nyumba ya Ami Iliyopungua Kimo

Miongoni mwa hila zote ambazo wanadamu wamezibuni ili kuyahadaa macho ya wenzao, sijapata kuona iliyo nyepesi, wala yenye fitina, kuliko hii ya kuitwaa picha ya mji mzima, pamoja na misikiti yake, masoko yake na wadeni wake, na kuigeuza kwa programu ya simu hata atakayeitazama adhani ni vijumba vya kuchezea watoto. Kamera ikikisogelea mno kitu kidogo, huona wazi ukanda mwembamba tu, na vilivyo mbele na nyuma ya ukanda huo hufifia. Basi macho yetu, yaliyokwisha kuizoea hali hiyo, yakiona ukungu juu na ukungu chini hukata shauri kwamba kilicho katikati hakizidi shubiri. Mhariri hutia ukungu huo kwa kidole, hukoleza rangi hata bati lenye kutu likang'aa, na kazi imekwisha. Zamani athari hii ilihitaji lenzi ya kuinamishwa, ambayo kanuni yake aliiandikia hataza mwaka 1904 Theodor Scheimpflug, mwanajeshi wa Austria, naye maskini alikusudia kuzinyosha picha zilizopigwa kutoka angani zifae kuchorea ramani, hakukusudia kabisa kumtia ami yangu matatani.

Sharti la hila hii ni kwamba picha ipigwe kutoka juu, nasi watu wa Tabora, ijapokuwa tumeinuliwa mita kama 1,200 juu ya bahari, tumeinuliwa sote kwa pamoja, hapana wa kumchungulia mwenziwe. Nilikwenda Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani, na kwa kuwa nilisimama chini, picha ikatoka kama ya nyumba kubwa iliyotazamwa na mtu mwenye mtoto wa jicho. Stesheni ilinitii zaidi. Reli iliyofika mjini mwaka 1912 na kuwapumzisha wapagazi wote ilionekana ya kuvutwa kwa uzi.

Basi ami yangu alikuwa akiiuza nyumba yake ya Isevya, hapa hapa Tabora, na mnunuzi alikuwa Dar es Salaam. Niliipiga picha kutoka ghorofa ya jirani kwa ajili ya starehe yangu mwenyewe, nikaipitishia ukungu, nikamwonyesha. Ami hakuuona udogo, aliliona bati. Alilitazama kwa muda mrefu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia kwamba nyumba yangu ni nzuri hivi?" Kabla sijafungua kinywa kumweleza, picha ilikuwa imekwisha safiri.

Jawabu lilikuja baada ya sala ya alasiri, la adabu na la kuridhika: mnunuzi ameupenda sana mfano wa nyumba, anampongeza fundi aliyeuchonga kwa ustadi, hata kamba ya kuanikia nguo hakuisahau, na sasa anauliza ujenzi utaanza lini. Nilimsihi ami amweleze ukweli. Yeye alinyamaza kidogo, akazihesabu tasbihi zake, akaniuliza kwa upole iwapo desturi ya siku hizi ni mnunuzi kutanguliza fedha ya saruji.

Alhamdulillahi, mnunuzi hakutanguliza kitu. Alipanda gari moshi akaja mwenyewe kukikagua kiwanja, na alipoikuta nyumba imesimama, ina wapangaji, ina kuku, na ukutani mna hesabu za mkaa zilizoandikwa miaka mingi iliyopita, alishika kiuno akastaajabia kasi ya mafundi wa Tabora. Ami alizipokea sifa zote kwa niaba ya mafundi.

Bei ilikuwa karibu kukubaliwa ndipo embe bivu lilipoanguka juu ya bati kwa kishindo kilichomfanya mgeni ajikunyate. Aliinua kichwa akauona mwembe, mmojawapo wa ile ambayo wazee husema mbegu zake zilitupwa na watu wa misafara, umeinamia paa lote kwa matawi mazito. Katika picha ulikuwa umemezwa na ukungu wa juu, hata nami nilikuwa nimeusahau.

"Na huu?" aliuliza.

"Huo ni wa bure, bwana," alisema ami. "Sikuutia katika bei."