Barua ya Wazi kwa Baraza la Michezo la Taifa

Kwa Mwenyekiti, Baraza la Michezo la Taifa

Yah: Ombi la kuanzishwa kwa daraja la mbio za boti za mfano zinazotumia petroli, Ziwa Tanganyika

Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967 ili kusimamia na kuendeleza michezo nchini, linaombwa kwa heshima zote lianzishe katika Mkoa wa Kigoma daraja jipya la mashindano, litakalohusu boti za mfano zinazotumia petroli na kuongozwa kwa rimoti kutoka ufukweni. Waombaji ni wakazi wa mwambao kuanzia Kibirizi hadi Bangwe, Katonga na Ujiji. Ombi lenyewe ni dogo, kwa kuwa boti zinazohusika hazizidi sana urefu wa mita moja, hazibebi mtu, hazivui samaki na hazihitaji gati, yaani hazigusi hata jambo moja kati ya yale ambayo mwambao huu umeyaombea kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo waombaji wana matumaini makubwa ya kusikilizwa.

Boti ya mfano, kwa maana inayokusudiwa hapa, si pambo la kuwekwa kabatini wala kidau cha kipande cha dumu ambacho mtoto hukisukuma kwa kijiti pembeni mwa maji, bali ni chombo kamili chenye injini, usukani, propela na kipokezi cha mawimbi ya redio, ambacho mwendeshaji hukiongoza akiwa amesimama nchi kavu. Fani hii si changa. Nikola Tesla alionyesha boti ya namna hiyo mjini New York mwaka 1898, miaka 16 kabla reli ya kati haijafika Kigoma, na baadhi ya waliotazama walidhani kuna uchawi ndani yake. Boti, kwa maneno mengine, iliongozwa kwa redio kabla ndege haijavumbuliwa.

Daraja, katika mashindano haya, ni kundi la boti zinazoruhusiwa kushindana kwa sababu injini zao zina ujazo wa silinda unaokaribiana au kwa sababu matumbo yao yana umbo la namna moja, na ujazo huo hupimwa kwa sentimita za ujazo, zile zile cc ambazo dereva yeyote wa bodaboda pale Mwanga, mjini Kigoma, huzitaja anapolinganisha pikipiki ya 125 na ya 150. Shirikisho la Naviga, lenye nguvu zaidi Ulaya, lina madaraja ya cc 3.5, 7.5 na 15, ambamo boti kadhaa hukimbizana kwa pamoja kwa dakika 30 zikizunguka maboya. Injini nyingi za madaraja hayo madogo huchoma mchanganyiko wa methanoli, oili na nitromethani, na kwa kuwa nitromethani ni kemikali inayoweza pia kutengenezewa vilipuzi, mwombaji anayeiagiza hadi Kigoma kwa ajili ya mchezo angelazimika kutoa maelezo marefu forodhani, mbele ya maofisa ambao hawajawahi kumwona mtu mzima akicheza na boti.

Daraja la petroli lilizaliwa kwa njia nyepesi zaidi. Injini zake zilitoka kwenye mashine za kufyekea nyasi, zile zinazoning'inizwa begani, zenye mipigo miwili na ujazo wa kati ya cc 22 na 27 hivi, zinazowashwa kwa kuvuta kamba. Wapenzi wa boti nchini Marekani wakazing'oa kwenye mashine hizo, wakaziwekea mfumo wa kupozwa kwa maji ya ziwa badala ya hewa, wakazifunga ndani ya matumbo ya faiba, na chombo cha mita moja na kitu kikaanza kupita kilomita 80 kwa saa. Hapakuwa na kikao cha kwanza cha kuandaa kikao. Watu walitazama kilichokuwa kibandani, wakakifunga kwenye boti, wakashindana, wakagombana, na kanuni zikaandikwa kutokana na ugomvi huo. Injini za aina hiyo hiyo zinafyeka nyasi kwenye viwanja vya ofisi za umma mjini Kigoma, na kwa kuwa hazifyeki wakati wa kiangazi, waombaji wanaona kwamba msimu wa mashindano umekwisha kupangwa na majira yenyewe.

Kuhusu mafuta, mkoa hauna shida ya utaalamu. Injini ya mipigo miwili haina sehemu ya chini ya kuhifadhia oili, hivyo oili huchanganywa ndani ya petroli yenyewe, na kazi hiyo mafundi wa Kibirizi huifanya kila siku kwa ajili ya injini za boti za uvuvi, wakipima kwa kifuniko cha chupa, wakitikisa dumu mara kadhaa, na kutambua kwa moshi tu iwapo kipimo kimezidi au kimepungua. Kanuni moja ya kimkoa itahitajika hata hivyo: mawese, ingawa ni fahari ya Kigoma na hufaa karibu kila kitu kinachoingia chunguni, yapigwe marufuku ndani ya tangi, kwa sababu yuko atakayejaribu.

Iwapo Baraza litauliza kama ziwa hili lina historia yoyote inayohalalisha boti ndogo za petroli, jibu ni kwamba hakuna ziwa lenye historia hiyo kulishinda. Mwaka 1915 Uingereza ilileta hapa boti mbili za petroli, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi, zikasafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Kongo, kisha zikakokotwa kupita milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, na hatimaye zikafika upande wa magharibi wa ziwa. Mkuu wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, ambaye alikuwa na mazoea ya kuvaa sketi mbele ya askari wake, alikuwa amependekeza ziitwe Paka na Mbwa, lakini wakubwa wa jeshi la majini mjini London walikataa, jambo linaloonyesha kwamba hata vitani kamati ya majina haikosi kukaa. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani ambayo mzinga wake uliweza kupiga mbele tu, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha meli nyingine yao, Hedwig von Wissmann. Wakati huo meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya Kigoma, haikupambana nazo hata mara moja. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 baada ya mitambo yake kupakwa grisi nzito, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na katika miaka ya karibuni imekaa kwa muda mrefu bila safari ikisubiri ukarabati. Funzo analoweza kulipata mtunga sera ni kwamba ziwani Tanganyika chombo kikubwa husubiri na chombo kidogo huenda.

Waombaji hawapuuzi taratibu. Wanafahamu kwamba rimoti hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi za hotelini, na kwamba masafa yana mwenyewe, ambaye ni Mamlaka ya Mawasiliano. Kwamba chombo kinachoelea majini huamsha hamu ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kwamba kelele ni suala la mazingira, maji ni suala la bodi ya maji ya bonde, ufukwe ni suala la Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na samaki watakaoshtuka ni suala la wizara ya mifugo na uvuvi. Wageni wawili walikutana Ujiji mwaka 1871, mmoja akiwa amemtafuta mwenzake kwa miezi kadhaa, na bado walitambuana kwa karatasi chache kuliko zitakazohitajika kuitambua boti moja ya cc 26. Ratiba, angalau, haitagongana na mtu: mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, mafundi wa injini wakabaki na spana mikononi bila kazi ya maana, na mchezo usiovua chochote ungekuwa umefaa sana.

Jambo linalohitaji kuelezwa kwa kirefu ni kanuni za usalama, kwa sababu hapo ndipo uzuri wa daraja hili ulipo. Vyama vinavyoendesha mbio hizi Marekani vinataka kila boti iwekewe ndani yake povu gumu la kutosha kuifanya ielee hata ikijaa maji kabisa. Vinataka mwendeshaji awe na njia ya kuizima injini kwa rimoti akiwa ufukweni, na mfumo wenyewe upangwe ili mawimbi ya redio yakikatika injini irudi chini au izime, pasiwepo boti inayokwenda bila mtu anayeijibia. Kila mwendeshaji husimama na msaidizi ambaye kazi yake ni kutazama maji na kumwambia kwa sauti nani amepinduka na wapi, kwa kuwa boti iliyokufa katikati ya njia ni hatari kwa zote zilizo nyuma yake. Pembeni hukaa mtumbwi wa kuziopoa zilizozama, na wote waliomo ndani yake huvaa jaketi okozi. Kabla ya shindano boti hukaguliwa moja moja, na upepo ukizidi mbio huahirishwa, hata kama watu wamefunga safari na kulipa kiingilio, kwa sababu hakuna anayetaka kupoteza chombo alichokisugua kwa msasa majira yote ya baridi.

Msomaji mwenye tabia ya kulinganisha yasiyolinganishwa anaweza, akifika Kibirizi jioni, kuutazama upande wa pili wa suala hili. Boti ya mbao inayopakia kuelekea vijiji vya kaskazini huanza na mifuko ya saruji chini, juu yake makreti ya soda, juu yake magodoro, na juu ya magodoro abiria, kwa utaratibu ambao kila mpakizi anaujua na ambao hauandikwi popote. Injini ni moja. Jaketi okozi zinapokuwapo, huenda zimefungwa kwa kamba katika furushi moja safi chini ya turubai, mahali zisipoweza kulowa. Mtu wa kutazama maji ni nahodha yule yule anayeshika usukani na kudai nauli zilizobaki, na hali ya hewa hupimwa kwa kuangalia ng'ambo kama milima ya Kongo inaonekana. Njia hiyo si ya watu wachache, kwani hata Kagunga, kijiji ambacho wakimbizi wa Burundi walijazana ufukweni mwake mwaka 2015 hadi Liemba ikatumwa kuwachukua, kwa miaka mingi kimetegemea ziwa kama mlango wake mkuu. Chini ya boti hiyo kuna kina ambacho mahali penye kina kirefu zaidi hufika mita 1,470.

Kwa msingi huo waombaji wanaongeza ombi dogo la pili, ambalo wanakiri kwamba ni la kiufundi. Boti za mfano hutajwa kwa uwiano, yaani kiasi ambacho chombo halisi kimepunguzwa. Liemba, yenye urefu wa mita 71 hivi, ikitengenezwa kwa urefu wa mita moja huwa ni mfano wa uwiano wa moja kwa sabini na moja. Hakuna kanuni ya kihesabu inayokataza uwiano wa moja kwa moja. Baraza linaombwa, basi, litamke kwamba boti za abiria za Kibirizi, Katonga na Ujiji ni boti za mfano zilizotengenezwa kwa uwiano huo, na kwamba zinaingia katika daraja jipya pamoja na haki zake zote: povu la kuelea, njia ya kuzima injini, msaidizi wa kutazama maji, mtumbwi wa uokoaji wenye watu waliovaa jaketi, ukaguzi kabla ya kila safari, na mbio kuahirishwa upepo ukizidi. Abiria wataandikishwa kama uzito wa mashindano, ambao kwa kawaida hupimwa na hauruhusiwi kuzidi.

Inatarajiwa kwamba gharama zitaulizwa. Povu si ghali, na ada ya kuandikisha chama waombaji wako tayari kuichangishana. Swali pekee lililoleta ubishi miongoni mwao ni jaribio la kuelea, ambalo hulazimu boti ijazwe maji mbele ya mkaguzi na mzigo wake wote ukiwamo, na walio wengi walikubaliana kwamba kwa mara ya kwanza mkaguzi mwenyewe ahesabiwe kuwa sehemu ya mzigo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Waombaji, mwambao wa Kigoma na Ujiji

Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ubao wa matangazo, mwalo wa Kibirizi