Dalali Akikwambia Ilikuwa ya Mwalimu

Tangaza pale Manundu, Korogwe, kwamba unatafuta pikipiki ya porini iliyotumika. Kabla soda haijaisha utaletewa Honda XL 125, Yamaha DT 125, au Boxer 150 iliyovalishwa tairi za meno, na zote zitakuwa na historia moja: mwenyewe ni mwalimu, alikuwa anaendea shuleni tu. Mji huu ungekuwa na walimu wote hao, watoto wetu wangekaa darasani mmoja mmoja. Mwache mwalimu apumzike, wewe kagua chombo.

Nenda asubuhi na usipige simu kwanza. Weka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ukikuta ina moto, kuna mtu amekutangulia kuipasha, kwa sababu injini iliyochoka huwaka kwa taabu ikiwa imelala usiku kucha. Aga, urudi kesho. Ukikuta imepoa, ipige kiki mwenyewe, kisha zunguka nyuma uangalie moshi. DT 125 na Yamaha AG 100 huchoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo moshi mwepesi wa bluu ni kawaida yake. XL na Boxer hazina ruhusa hiyo. Zikitoa moshi wa bluu, oili inapita kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na bili ya fundi itakuwa yako. Utaambiwa ni baridi ya asubuhi. Baridi ipo Lushoto, huku chini Korogwe tunalala madirisha wazi.

Mita usiibishie, iache ijisemee. Waya wake huchomolewa kwa dakika moja. Tazama mpira wa kukanyagia, pedali ya breki na mkono wa kiki. Mpira ukiwa umelika hadi chuma na mita inasoma kilomita 9,000, umeshapata jibu.

Kwenye fremu kaa muda mrefu, hata dalali akianza kupiga miayo. Pikipiki nyingi za upande huu zimebeba mkaa kutoka misitu ya Handeni, magunia kwa magunia, kwenye njia za makorongo. Mzigo huo huvunja fremu sehemu mbili: shingoni, nyuma ya taa ya mbele, na pale shokapu za nyuma zinaposhika. Pitisha kidole hapo. Rangi mpya sehemu moja tu kwenye pikipiki kuukuu imefunika welding. Hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu shingo iliyochomelewa vibaya inaweza kukatika kwenye mteremko, na aliyepakiwa nyuma mara nyingi ni mama na mtoto. Hapo usiombe kupunguziwa bei. Ondoka.

Sasa iinue upande wa mbele, gurudumu likae hewani, ugeuze usukani polepole kulia na kushoto. Ukishika katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimekwisha. Tikisa gurudumu la nyuma pembeni. Likicheza, bushi nazo zimekwisha. Gonga spoku kwa spana, inayotoa mlio mfu imelegea. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi, na ikiachana na meno, hesabu cheni na sproketi mpya. Haya yanatengenezeka, yashushe kwenye bei.

Muuzaji atapenda ukaijaribu kwenye barabara ya Handeni, kilomita 65 za lami. Juu ya lami kila pikipiki ni nzuri. Tafuta njia ya vumbi yenye kilima, upande kwa gia ya tatu, uongeze mafuta. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi imechoka, na hiyo haitakufikisha Bungu wala Dindira kule milimani.

Mwisho, karatasi. Pikipiki za XL na DT nyingi zilikuja na miradi na idara za serikali, zikawabeba mabwana shamba hadi vijijini, kisha zikauzwa kwa mnada. Ukiambiwa ilikuwa na namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, omba hati ya mnada. Boxer ina hatari nyingine: kijana wa mkataba anaweza kukuuzia chombo ambacho hajamaliza kumlipa bosi wake. Linganisha jina la kwenye kadi na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza, na namba ya chesisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa faini wa polisi, simu yako inatosha. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili.

Kisha mwambie muuzaji mwende pamoja TRA mkabadilishe umiliki, ndipo umkabidhi fedha. Akisema kadi ipo kwa shemeji yake Dar es Salaam, usinunue.