Mgeni wa h5

Mwenye kete nyeupe kasogeza askari e4, nawe ukajibu e5. Viti havijapata moto, malkia wake huyo, kasimama h5. Usikunje uso. Mgeni kaja na zawadi mkononi, ila haipokelewi kwa pupa.

Ujue kwanza amefuata nini. Anamtaka askari wa e5, na zaidi anaitamani f7, nyumba inayolindwa na mfalme peke yake. Toa farasi c6. Ataleta askofu c4. Hapa ndipo wengi wanapozikwa: wanamrukia malkia kwa farasi f6, naye anakula f7, mchezo umekwisha kwa hatua nne. Nakusihi, farasi huyo mzuie kidogo. Sukuma askari g6. Malkia atarudi f3, macho bado f7. Sasa ndiyo zamu ya farasi f6.

Tazama ubao. Una farasi wawili kazini, na malkia wake amekalia f3, nyumba ya farasi wake mwenyewe. Katika sataranji ya zamani ya Waarabu na Waajemi, mahali pa malkia alikaa waziri aliyekwenda nyumba moja tu kwa mshazari. Nguvu hizi za malkia zilianzia Ulaya mwishoni mwa karne ya 15, na mpaka leo zinawalevya wanaoanza kucheza.

Aliyelewa hukimbilia b3, bado anaililia f7. Methali inasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu mpe sasa hivi. Farasi d4! Malkia ameshikwa. Askofu atakula f7 na kukupa cheki; mfalme wako apande e7 bila kutetemeka. Malkia akienda c4 kumlinda askofu, sukuma askari b5, hatua ninayoipenda kuliko zote. Akimla farasi wa d4, askari wa e5 anamla malkia. Akikupa cheki kutoka c5, ziba kwa askari d6, kisha mfalme amle askofu.

Lakini pengine hatakwenda b3. Atatoa farasi e2 kwa utulivu, na hapo hakudai tena kitu. Peleka askofu g7, mpishanishe mfalme na ngome, mcheze sasa.